Programu Iliyobeba Faili Lake

Fundi wa programu hunong'ona akiandika, na kabla ya kugusa kibodi huvipuliza vidole kana kwamba vimeungua. Mama wa usafi hupitisha kitambaa polepole kwenye meza yake, apate kujua binti huyu anaongea na nani. Siku ya kukabidhi kazi, programu iliyokuwa ikiamka vizuri kwenye kompyuta ya fundi iligoma kwenye ile iliyoletwa na hospitali iliyoiagiza: faili la mipangilio halikuonekana.

"Dada, iandikie folda faili lilipo, yaishe," bosi akasihi. "Wakiikataa leo, mkataba umekwenda na maji."

"Wakibadilisha kompyuta kesho, utakwenda kuielekeza wewe?"

Fundi akalifungasha faili ndani ya programu yenyewe, akaiagiza ilitafute humo humo kwa jina.

"Eh, kumbe mtoto na mbeleko yake!" mama wa usafi akacheka.

Programu ikaamka, bosi akachukua mkoba. Fundi hakungoja hata pongezi, bali aliipeleka programu kwenye kompyuta kongwe ya mapokezi, ambayo hakuna aliyeiulizia. Ilipoamka na huko, ndipo akasema, "Haya, wapelekee."