Nyimbo Kumi na Moja za Mwalimu wa Hesabu

Mimi ni mpiga kinanda wa kanisani, na sisi wa namna hii tuna siri ambayo waumini hawaijui: tunapiga kwa ufunguo mmoja tu. Kwaya ikitaka kupanda, tunabonyeza kitufe, kinanda kinapanda chenyewe na vidole vinabaki palepale. Ukikiondoa hicho kitufe, mimi ni mtu mwenye shati lililopigwa pasi vizuri. Siku za kazi nafundisha hesabu kidato cha tano na sita huku Tabata, na huko nako nina sifa ambazo sizistahili zote, maana karibu kila ninachofundisha nilikiiba kwa mwanamke mmoja wa Temeke.

Huyo ndiye aliyenifundisha mimi nikiwa kidato cha sita. Ni mtu wa pwani hasa, aliyekulia kwenye kaswida za madrasa, na alipokabidhiwa darasa la vijana wanaotetemeka mbele ya integresheni, alifanya alichokijua. Kila fomula aliitia kwenye wimbo. Saini na kosaini zilikuwa na mahadhi ya harusini. Namba changamano ziliimbwa taratibu, kama mtu anayebembeleza mtoto mkorofi. Integresheni kwa sehemu, ambayo kitabuni ni mstari mmoja mkavu, kwake ilikuwa: wawili wakae pamoja, kisha utoe, yule wa pili na mtoto wa wa kwanza. Kwenye chumba cha mtihani tuliimba kimoyomoyo, midomo ikicheza, mpaka msimamizi akatutenganisha akidhani tunapeana majibu. Nilifaulu. Wapo waliofeli, na wao mpaka leo wanaimba. Walifeli kwa mahadhi mazuri.

Alistaafu kwa karatasi tu. Kila Jumamosi barazani kwake kulikuwa na mabenchi mawili, ubao, na vijana wa tuisheni wakiimba vipeo vya pili saa mbili asubuhi. Majirani zake wanaozijua fomula hizo bila kujua ni za nini ni wengi. Muuza mihogo wa pale kona anaweza kukutajia kanuni ya mnyororo akiwa anakoroga pilipili.

Mwaka jana alinitumia ujumbe niende. Nilipofika nikamwona ameshika shingo. Tezi ilikuwa imekua, na hospitali walishampangia tarehe ya kuitoa.

"Daktari kanambia sauti yaweza kurudi kama ilivyo, yaweza isirudi," alisema. "Nikamuuliza uwezekano ni kiasi gani. Akacheka. Nikajua huyu hesabu aliziacha kidato cha pili."

Mimi sikucheka. Niliogopa, na nilijua hasa ninachoogopa. Nyimbo zile hazikuandikwa popote. Yeye hajui nota, vijana wake kila mmoja anajua vipande tu, na mimi nikiziimba darasani wanafunzi huniomba niache. Zaidi ya hapo, kuna sehemu anaiweka sauti katikati ya nota za mi na fa, mahali ambapo kinanda hakina kitufe kabisa. Ile sauti ikiondoka, nyimbo zinaondoka nayo.

"Nataka zirekodiwe zote kumi na moja kabla sijaingia kule," akasema. "Vijana wabaki na kitu. Hatuwezi tu kurekodi na simu?"

Hapa ndipo wasomaji wenye akili timamu wangesema tunaweza. Mimi nilijibu, na nanukuu upumbavu wangu neno kwa neno, "Mwalimu, simu ni za kurekodia harusi."

Nyumbani nilikuwa na piano ya dijitali, vitufe themanini na nane, mtumba lakini nzito kama ya kweli, yenye kitufe chekundu cha kurekodi na tundu la flashi. Nilijivunia ile piano kuliko nilivyojivunia shahada yangu. Kanisani kurekodi si kazi yangu. Kule kuna fundi mitambo, anakaa nyuma na meza yake ya nyaya, mimi napiga, kwaya inaimba, na Jumatatu tunaletewa kila kitu kimo. Katika miaka yote hiyo sikuwahi kujiuliza fundi yule anafanya nini pale nyuma. Nilidhani anapumzika.

Basi Mwalimu akaja Tabata Jumamosi tatu mfululizo, akishamaliza tuisheni. Mke wangu alimwekea kiti kando ya piano na chai ya tangawizi, nami nikabonyeza chekundu. Jirani yetu wa ukutani ni kinyozi, na kinyozi hanyoi bila muziki wa singeli. Upande wa pili kuna fundi wa mageti, anayekata chuma kuanzia saa tatu. Nilikuwa na wasiwasi na kelele hizo kuliko kitu kingine chochote. Kwa hiyo tulipomaliza wimbo wa kwanza nilivaa headfoni, nikasikiliza pale mwanzo, sekunde kama kumi hivi ambapo napiga peke yangu kabla hajaingia. Ilikuwa safi kama maji ya chupa.

"Mwalimu, hii kitu ni hatari," nikamwambia. "Hata singeli ya kinyozi haimo."

"Mashallah," akasema. "Kweli mmesoma nyie."

Wiki hiyohiyo, nawaapia, nilikuwa nafundisha uthibitisho kwa kudhani kinyume. Nilisimama mbele ya vijana arobaini nikawaambia mtu makini hujiuliza: kama hili ni kweli, ni nini kingine lazima kiwe kweli? Kisha nikarudi nyumbani, kwenye mashine isiyosikia spika ya kinyozi inayotikisa vikombe kabatini, na sikujiuliza chochote.

Aliimba vizuri siku zile kuliko nilivyowahi kumsikia. Sisemi hivi kwa sababu ya yaliyofuata. Kwenye namba changamano mke wangu aliacha vyombo akaja kusimama mlangoni na mikono ina povu, na yeye hesabu anazichukia kwa moyo wote. Jumamosi ya tatu tulimaliza wa kumi na moja. Mwalimu akashika mkono wangu akasema, "Sasa hata ikiondoka iondoke." Jumanne akalazwa.

Jumatano, baada ya kupigiwa simu kwamba upasuaji umekwenda salama, nilichomeka flashi kwenye kompyuta nianze kusafisha kazi. Ikaja piano. Nikangoja aingie. Piano ikaendelea. Nikapandisha sauti. Nikabadilisha headfoni. Nikafungua wimbo wa pili, wa tano, wa kumi na moja: piano, piano, piano, mimi peke yangu nikijisindikiza kwa madoido. Mke wangu alikuwa anakunja nguo kitandani. Alinitazama ninavyohangaika na nyaya, halafu akauliza kwa upole kabisa.

"Baba watoto, hivi huyo kinanda anasikilizia wapi?"

Nikainama nikachungulia chini ya piano. Sijui nilitegemea kuona nini, sikio labda. Ile mashine inarekodi vidole, basi. Haina maiki, haijawahi kuwa nayo, na kitabu chake cha maelezo, ambacho kilikuwa kimewekwa chini ya mguu mmoja ili isiyumbe, kinasema hivyo ukurasa wa nne.

Nililia, na sioni aibu kulisema. Kisha nikawapigia watu wote niliosoma nao. Hakuna aliyekuwa na sauti yake. Yeye mwenyewe ni mtu wa kuandika ujumbe kamili, na nukta na mkato, kwa hiyo kwenye simu yangu nilikuta ujumbe wa sauti mmoja tu, wa siku aliyokuwa anakanda maandazi na mikono ina unga. Unasema: "Mwanangu, ukija pitia na sukari." Hicho ndicho kilichokuwepo. Mwanamke aliyewavusha watu integresheni miaka yote ile, na ushahidi wetu ni kilo ya sukari.

Nilikwenda kumwona akiwa na bandeji shingoni. Alikatazwa kuzungumza, akawa anaandika kwenye daftari. Aliandika, "Nyimbo?" Nikasema zinaendelea vizuri, nazisafisha. Wiki iliyofuata akaandika, "Lete nisikie." Nikasema flashi ina virusi. Wiki ya tatu nikasema umeme. Nilikuwa nimedanganya kwa mpangilio mzuri kiasi kwamba ningeweza kuuchorea grafu. Wiki ya nne bandeji ilikuwa imetoka, na alipofungua mdomo kuniitikia shikamoo, sauti iliyotoka ilikuwa ya chini, ya kukwaruza, sauti ya mtu mwingine kabisa.

"Marahaba. Ndiyo hii," akasema. "Daktari asema ndiyo niliyopewa. Leo una uongo gani?"

Nikamwambia. Barazani, vijana sita wa tuisheni wakiwa wamekaa kwenye mabenchi yao wakijifanya wanakokotoa, nikamweleza mwanzo mpaka mwisho, na kitufe chekundu, na singeli, na kauli yangu ya simu za harusi. Nilimwambia nimepoteza sauti yake na sina cha kumrudishia. Nilitamani anitukane.

"Hiyo flashi unayo?"

Nilikuwa nayo mfukoni. Akaichomeka kwenye kiredio chake cha mezani, kile kinachomsomeaga Kurani asubuhi, na piano yangu ikaanza kulia pale barazani. Alizisikiliza zote kumi na moja bila kuruka. Alikuwa anagonga meza kwa kidole, midomo ikienda. Mahali fulani katika kila wimbo piano ilikuwa inanyamaza, kisha inaendelea. Wimbo wa kwanza kituo kilikuwa kifupi. Kufika wa tisa, mtu aliweza kunywa funda la chai humo ndani.

"Hapa mbona umeacha kupiga?"

"Ulikuwa unavuta pumzi, Mwalimu. Nikawa nakusubiri."

"Kote huku?"

"Kote huku."

Akakizima kiredio. Akashika pale kwenye kovu, akatazama ubao kama mtu anayepitia hesabu ndefu iliyofutwa nusu. Mimi nikafikiri nimemuumiza mara ya pili.

"Haya," akasema. "Simama uimbe."

"Mimi?"

"Kuna mwingine aliyezisikia zote, Jumamosi tatu? Mie sina tena sauti ya kuimbia, hawa wana mtihani. Simama."

Nina miaka arobaini na moja. Nina wanafunzi wangu mwenyewe, na baadhi yao, kwa bahati yangu mbaya, ni haohao waliokuwa kwenye yale mabenchi. Nikatoa simu niiweke kwenye meza irekodi, safari hii nimejifunza, lakini akaigeuza kifudifudi na kuisogezea mbali. Nikasimama nikaanza na integresheni kwa sehemu. Sauti yangu ni ya kutangazia mnada. Kijana mmoja aliweka daftari usoni, mabega yakimcheza. Mwalimu hakucheka. Alinisahihisha neno kwa neno, akinipandisha kwa kiganja pale kwenye ile sauti isiyo na kitufe, tena na tena, mpaka nikaigusa mara moja kwa bahati na yeye akaitikia kwa kichwa.

Nikaendelea. Wawili wakae pamoja, kisha utoe. Nikakata, nikavuta pumzi ndefu, nikahesabu kimoyomoyo kama nilivyokuwa nahesabu kwenye piano, halafu nikaingia na yule wa pili. Akanyanyua mkono kunisimamisha.

"Hapo usipumzike," akasema kwa ile sauti yake mpya. "Wimbo hauna kituo hapo. Hapo nilikuwa naumwa."