Bega la Mama Nyosha

Kabla pasi hazijapata moto, Mama Nyosha alikuwa ameshawapanga wanawake tisa wa kiwanda cha kufulia mstari mmoja kama watoto wa shule. Shingo kulia, shingo kushoto. Mabega juu, kisha yaache yaanguke. Inama taratibu, na ukifika kwenye vidole usijisifu. Mvivu alitaniwa hadi akanyooka. "Wewe kiuno chako kimepigwa misumari?" aliuliza, na wote wakacheka, hata mwenye kiuno.

Kazi ile ni ya kusimama kutwa, na mwili usiponyooshwa hulipiza. Yeye alilijua hilo kwa sababu lilimkuta. Miaka minne nyuma bega lake la kulia liligoma. Hospitali wakamfundisha mazoezi, naye akayaleta kazini ili yaliyomfika yasiwafike wenzake. Wenzake wakapona migongo. Bega lake lenyewe halikurudi sawasawa, mkono uliishia usawa wa sikio. Mganga hajigangi.

Siri hiyo aliijua mtu mmoja tu, Kicheko, shoga yake wa meza moja. Shuka kubwa hukunjwa na wawili: mmoja hushika ncha za chini, mwingine huinua zake juu ya kichwa na kuikung'uta, ndipo wakutane katikati. Miaka yote minne Kicheko alisimama upande wa kuinua bila kuambiwa. Naye kiuno kilipomkaza, Mama Nyosha alimlaza juu ya marobota ya taulo na kumnyoosha, goti moja baada ya jingine, mpaka aende kwa watoto wake akitembea wima. Ungedhani wametoka tumbo moja.

Kiongozi wa meza alipostaafu, kila mtu alijua nafasi ni ya nani. Mama Nyosha aliitaka kuliko alivyosema. Kiongozi hainui shuka, husimamia tu. Bega lingepumzika kwa heshima.

Siku msimamizi wa kiwanda alipokuja kuwatazama wakikunja ili achague kiongozi, Kicheko akazunguka meza na kushika ncha za chini.

"Shoga, huku ni kwangu," Mama Nyosha alinong'ona.

"Leo tubadilishane. Inua tu."

Akainua. Mkono wa kushoto ukapanda, wa kulia ukakwama njiani, na shuka nyeupe ikaanguka sakafuni mbele ya viatu vya msimamizi.

"Una nini, mama?"

Kabla hajafungua mdomo, Kicheko akajibu kwa sauti ya huruma, "Ni bega, bosi. La siku nyingi. Mimi ndiye humfichia."

Humfichia! Angetukanwa angejua la kujibu. Huruma ile ilimkata maini kuliko tusi lolote. Kicheko akapewa uongozi, na Mama Nyosha akahamishiwa foronya, kazi ya wanaoanza.

Jumatatu Kicheko alisimama mbele ya mstari, akihesabu mazoezi. Alikuwa na haraka, akijipinda kwa kurusha mwili, jambo ambalo Mama Nyosha alilikataza kila siku ya Mungu. Kufikia saa nne kiuno kilikuwa kimemkaza. Akaja akijishikilia ukutani.

"Shoga, ninyooshe kidogo, nakufa."

Mama Nyosha alimtazama. Mikono yake ilijua pa kuanzia, na hilo lilimuuma zaidi.

"Kiongozi wa meza si wewe?" alisema. "Jinyooshe."

Akarudi kwenye foronya zake, maana hizo hukunjwa na mtu mmoja.