Uji wa Siku za Mvua

Uji wa mtama uliokamuliwa ndimu, ukichanganyika na harufu ya udongo mbichi uliotoka chini ardhini: hiyo ndiyo masika yangu ya darasa la tano, nje kidogo ya Katoro. Mama alipika, mimi nilibeba vikombe. Mvua ikinyesha, shimo la dhahabu la Baba Masele, ambalo wachimbaji huliita duara, lilijaa maji. Wote walishika ndoo tangu alfajiri kuyatoa, asibaki wa kupika. Ndipo walipotuma mtu kumwita Mama kwa Kisukuma: "Mayu, tuletee uji, tunakufa njaa!" Siku za jua walijisongea ugali wao, nasi hatukwenda.

Msimu ule mawe yenye dhahabu yaliadimika. Asubuhi moja, vikombe vikiwa mikononi mwao, wakakumbushana kuwa mwanamke hatakiwi kusogelea duara. "Angalieni wenyewe," akasema Baba Masele. "Huyu akija, hatupati. Asipokuja, tunapata. Dhahabu inamkimbia." Wakaitikia, na mmoja wao, bila haya, akaomba aongezewe uji.

Kinachoniuma ni kwamba hakudanganya. Siku hizo kweli hawakupata. Lakini nani angepandisha mawe wakati wote wanachota maji? Mvua ndiyo iliyojaza duara, na mvua hiyohiyo ndiyo iliyomleta Mama. Jogoo likiwika lisiwike, kutakucha. Na ushahidi nilikuwa nao kwapani! Mwalimu wa sayansi alituagiza tuandike hali ya hewa kila siku, nami, kwa kuwa naogopa kusema na watu, daftari nililiambia yote: mvua, maji, uji, jua, mawe, hatukwenda. Sikufungua mdomo. Mama akaambiwa asirudi tena. Akajitwika sufuria lake, akasema tu, "Haya, baba zangu." Tangu hapo anauza nyanya sokoni, juani, na wapo wanaompita mbali kama mkosi.

Sasa niko kidato cha tatu, naishi kwa shangazi, mtaa wa Kambarage. Juzijuzi mwalimu wa hesabu alichora ubaoni nukta za vitu viwili, zikapanda pamoja kama ngazi. Akauliza, "Je, hiki ndicho kinachosababisha kile?" Darasa zima likaitika, "Ndiyooo!" Mimi nikalikumbuka daftari langu la darasa la tano.

Likizo ilipofika nikalichukua daftari hadi kwa Baba Masele. "Shikamoo." "Marahaba, mwanangu." Nikamfunulia ukurasa baada ya ukurasa. Akacheka. "We mtoto, unasoma bure. Tangu mama yako aache kuja, mbona tunapata? Hata masika!" Nyuma yake mashine ya kuvuta maji ilinguruma, maji yakimwagika mtaroni. Safari hii sauti ilinitoka.

"Mashine mliinunua lini?"

Akaitazama mashine, akanitazama mimi.

"Mwaka uleule," akasema. Kisha, harakaharaka: "Lakini mwambie mama yako asije."