Kiuno cha Nguo ya Zambarau

Mvua ya saa tisa iliingia kibandani kwangu ikafuta daftari la vipimo, na sare kumi na mbili za kwaya ya akina mama zilitakiwa Jumapili. Kitambaa chake kilikuwa kimekwisha dukani. Nikikata vibaya, mtu ataimba na leso kiunoni.

Dada yangu mkubwa ana usonji. Hunishonea vifungo, na siku ya kupima alikuwa ameketi hapo hapo, mimi nikitaja namba.

"Nguo ya kijani," akasema. "Kifua thelathini na nane, kiuno thelathini na sita. Ukamwambia apumue, ukaandika thelathini na saba."

Mimi hata hiyo kijani sikuikumbuka. Lakini sura hazimkai dada akilini. Yeye hushika nguo na maneno. Kwa hivyo Ijumaa niliwaita wote, kila mmoja aseme alivaa nini siku ya kupimwa. Wengi walikuwa wamesahau.

"Mimi nilivaa ya buluu," akasema mwalimu wa kwaya.

"Ya buluu ina kiuno ishirini na nane," dada akajibu, macho kwenye kifungo.

"Mwalimu, hicho kiuno ulikiacha wapi?" mmoja akauliza.

"Nilikuwa nimeazima."

Tulicheka mpaka cherehani ikatikisika. Basi dada akaanza kutaja maneno ya kila nguo. "Ya maua mekundu alisema jogoo wake anakohoa."

"Alipona," mmoja akaitika, akaja kuandikwa.

Tulipofika wa saba, dada akasema, "Ya zambarau alisema mama mkwe wake anaimba kama mlango."

Hakuna aliyekubali kuwa ndiye wa zambarau. Mama mmoja mzee akasimama.

"Fundi, hiyo tepu shingoni mwako ni mkufu?"

Naandika ukweli: sikuwa nimefikiria kuwapima upya. Akaivuta, akawapima mwenyewe waliobaki. Wa mwisho alikuwa mke wa mwanawe. Vipimo vyake vilikuwa vya zambarau kamili, hata nusu inchi ya kiuno aliyoitaja dada.

"Mlango gani?" mama mzee akauliza.

"Wa bati," dada akasema.

Mzee alicheka mpaka akaomba kiti.

Nisimpendelee dada yangu: namba mbili hazikulingana. Lakini mmoja alikuwa amejifungua juzi, na mwingine alikiri chapati.

Jumapili sare zote ziliwakaa. Mama mkwe aliimba kwa nguvu zote akimtazama mke wa mwanawe, naye akakosa beti mbili kwa kucheka.