Baba Alipoacha Kuitikia Amina

Jirani akichemsha njahi, yale maharagwe meusi ya kwetu, harufu yake hunirudisha Ruiru, kwenye meza ya nyanya yangu, Cucu, Jumapili ya Pasaka nilipokuwa na miaka tisa. Ni harufu nzuri, lakini mimi hufunga dirisha mpaka leo.

Ngoja nikueleze. Sisi tulikaa Kiganjo, kule Thika, na Baba alikuwa mtu wa kusoma Biblia hadi kurasa zikaachana. Alianza kwa kushika Sabato, mwisho akawa anaenda Nairobi kusoma na Wayahudi. Huko aliambiwa waziwazi kwamba Masihi wao bado wanamngoja. Akija atakuwa binadamu kama sisi, wa ukoo wa Daudi, na kazi yake itaonekana kwa macho: vita vitakwisha na waliotawanyika watarudi kwao.

"Vita vimeisha?" Baba aliniuliza.

Nikasema bado, maana asubuhi hiyo mimi na kaka yangu tulikuwa tumepigania kiti.

"Basi hajakuja."

Mama alimfuata. Cucu, mama yake Baba, hakukubali. Alikuwa mjane aliyelea watoto watano kwa kuchuma kahawa ya watu, na alijua ni Yesu aliyembeba. Akatuma neno: Pasaka mje nyote.

Chakula kilipofika mezani aliniangalia mimi, kwa sababu ndimi niliyepewa jina lake.

"Wambui, tuombee chakula."

Nilijua nimeshikwa. Kwa Cucu maombi yalikuwa na mwisho mmoja tu, na mwisho huo sisi tulikuwa tumeuacha miezi mitatu. Nikashukuru kwa njahi, kwa kuku, kwa mvua, hata kwa chumvi, ili nisifike huko. Kaka akaguna. Niliogopa kwamba tukikosana leo, Cucu hatatuita tena. Nikamalizia haraka, "Kwa jina la Yesu."

"Amina," wakaitikia wote. Baba hakuitikia.

"Kama huwezi kusema amina, hutakula kwangu," Cucu akamwambia.

"Sawa, Mama."

Cucu akapakua, akairuka sahani ya Baba. Vilisikika vijiko tu. Baba alikaa pale hadi mwisho, mikono juu ya meza. Tukirudi nyumbani nililia, nikamwomba msamaha.

"Hujakosa," akasema. "Lakini yule ni mama yangu. Ningeitikia, angejua namdanganya."

Nilimkasirikia miaka mingi kwa neno moja alilokataa kusema. Baadaye yeye na Cucu walianza kusalimiana tena, ila Cucu alifariki kabla hawajala pamoja tena. Ni kwenye matanga shangazi aliponiambia jambo ambalo sikuliona, kwa vile nilikuwa nimeinamia chakula changu: siku ile Cucu naye hakuonja kitu. Tulipoondoka, aliwamwagia kuku sahani yake nzima.

Nilimwambia Baba. Akasema Masihi akija wafu watafufuka, na mtu wa kwanza ambaye yeye Baba atamtafuta ni Cucu, amuulize kama bado ana njaa.