Salamu za Mlangoni

Dada yangu mkubwa hana mume wala mtoto. Nyumbani tunamwita Daktari wa Mende. Kutwa yuko maabara, anasaga maganda ya mende, anawanusisha panya unga wake, kisha anachunguza kwa nini mwili unapambana na dutu ya ganda hilo, kaitini, hadi mapafu yanavimba. Kazi hiyo aliianza kwa ajili ya binti yangu mwenye pumu. Lakini mganga hajigangi: siku moja alimkumbatia mtoto akiwa na vumbi la maabara nguoni, tukakimbilia hospitali.

Tangu hapo, akija kwetu husimama mlangoni, mkono mbele. "Ishia hapo hapo, mwanangu." Wanapungiana, basi.

Jana alikuja baada ya likizo ya mwezi mzima, ameoga, gauni jipya kutoka dukani. Nikamfokea, "Mkumbatie, bwana, unaogopa nini tena?"

Akapiga magoti, akafungua mikono.

"Shikamoo, mama mkubwa," binti yangu akasema. Akasimama palepale alipozoea kusimama, akatabasamu kwa adabu, akampungia.