Enveloppe za Beni

Mutu mwenye alinifundisha kutengeneza site, pale bureau ya internet karibu na Rughenda, hapa Butembo, aliniambia site yangu inakaa ndani ya mashini moja huko Ulaya. Nikamuuliza: mashini ya nani? Ikizimika, nani atanijulisha? Akacheka, akasema niko na maulizo kuliko polisi wa barrière ya barabarani. Lakini ile swali ilinikaa ku roho.

Sababu ndani ya ile site niliweka sauti ya mama, pamoja na maandishi yangu kidogo. Mbele ya kufa kwake nilienda kwake Lubero, nikamurekodi na telefone akieleza aina za viazi na maharagi: ya kupenda baridi, ya kuiva haraka, ya kupikia bageni. Katikati anakohoa, anafukuza kuku, anauliza kama nimekula. Kisha telefone ikaibiwa sokoni. Basi mama alibakia ku site tu.

Kulipia mashini ya pili, hapana, sikuwa na huo uwezo. Nikatafuta njia ya bei kidogo: flashi mbili, bei ya kuku moja. Kila mwezi nakopia site yote ku ordinateur, kompyuta ya bureau, naitia ndani ya flashi, nafunga flashi ndani ya enveloppe, bahasha ya karatasi, napatia chauffeur wa gari la Beni. Kule dada yangu mukubwa, mwenye naita yaya, anapokea, ananirudishia flashi ya mwezi uliopita. Ulaya ama Butembo ikipata shida, Beni itakuwa nayo. Nilijiona mwerevu kabisa.

Yaya nilimukataza asifungue. Juu ya enveloppe niliweka scotch, utepe wa kubandika, na sahihi yangu, sawa karatasi ya serikali. Flashi ya kwanza ikarudi, enveloppe imepasuliwa. Mimi niko mutu wa hasira ya haraka: nilimupigia simu, nikamugombeza vibaya, yeye mukubwa wangu. Nikakata simu. Tangu pale zote zikarudi zimefungwa vizuri, nikafurahi.

Siku moja site ikakataa kufunguka. Mwenye ile mashini ya Ulaya alikuwa amefunga kazi yake, hapana hata kuaga. Sikuogopa. Nilikuwa hata na hamu ya kuona akili yangu itafanya namna gani. Nikapanda gari mupaka Beni, nikaingiza flashi ya mwisho ku ordinateur ya jirani ya yaya.

Majina ya sauti zote ilikuwa pale. Nikabonyeza moja, hapana sauti. Nikabonyeza ingine, vile vile. Jirani akanielewesha: ordinateur ya bureau ilikuwa imepata virus, imeficha vitu vyenyewe kule kule bureau na kuniachia raccourci, alama ya kuonyesha tu njia ya kwenda kwa kitu. Ni sawa kile kibao cha barabarani chenye wameandika Lubero: ukiking'oa na kukibeba, haujabeba Lubero. Miezi mingi nilikuwa nasafirisha vibao, na sahihi yangu juu. Ile flashi ingine, yenye nilikuja nayo, ilikuwa hivyo hivyo, na ku bureau banafutaka kila kitu jioni. Nilikaa chini nikalia.

Yaya aliniangalia, akaenda nyumbani kwake, akarudi na karadio kake kadogo, kale ka kuingizia carte, kadi ya kutunza sauti. Akakawasha. Mama akafukuza kuku.

"Ile enveloppe ya kwanza nilipasua," akasema. "Wakati ule sauti zilikuwa bado ndani, nikaziweka zote ku carte yangu. Nasikilizaka nikichambua maharagi. Uligombeza, nikanyamaza."

Mahali ya kuomba musamaha, nikamuuliza tu ni kipande gani anapenda kusikiliza zaidi.

"Pale anauliza kama nimekula," akasema. "Namujibuka."

Maandishi yangu ilipotea, niliandika tena polepole. Sauti ziko ku site mupya, na kila mwezi flashi inaenda Beni bila scotch. Juu ya enveloppe naandika: Yaya, fungua, sikiliza pale ya kula. Akisikia mama, ananipigia simu kuniambia amekula.